Mhariri, ringi ilinyooka lakini spoku zikakatika

Ndugu Mhariri,

Kwanza shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi salama tu. Mi ni fundi baiskeli, nipo Buguruni hapa Dar, gazeti lako nalisoma miaka mingi ingawa siku nyingine linanifikia likiwa limeshafungiwa maandazi. Naandika kwa sababu ukurasa wako wa barua una mabishano yananikera, mmoja kasema viwanda vya kuunganisha baiskeli za umeme vikiingiza mashine vijana wetu watabaki vijiweni kucheza drafti, mwingine akamjibu kwamba tukiendelea kung'ang'ania mikono badala ya roboti hatutamfikia Mchina hata tukeshe. Nimesoma zote mbili, nikaangalia vidole vyangu, nikajiambia hawa wazee wawili hakuna aliyewahi kusuka ringi, yaani kuchomeka spoku na kuzipishanisha, hata moja maishani mwake, wasinichukulie vibaya.

Mi nimesuka. Nilianzia Shinyanga kwa mjomba wangu, chini ya mwarobaini, enzi zile daladala za baiskeli ndo usafiri wa mjini, abiria anakaa nyuma kwenye keria iliyofungwa kigodoro anapelekwa sokoni. Baiskeli zenyewe Phoenix, Hero, na Swala chache zilizobaki za enzi za NABICO, kile kiwanda chetu cha baiskeli. Mjomba hakuwa na kifaa cha kupimia chochote kile. Ringi ikipiga nane, yaani ikipinda, anaigeuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu, anasogeza kipande cha chaki karibu na ringi, panapochukua chaki ndo pana tatizo. Akishanyoosha, fundi mwingine angesema lete hela, yeye ndo kwanza anaanza kupiga spoku moja moja kwa kucha, ting, ting, ting, anasikiliza kama mtu anayetafuta sauti kwenye zeze. Ikilia chini kuliko wenzake wa upande ule anaikaza robo, jirani yake anailegeza kidogo, anapiga tena. Mi naona tunapoteza muda na wateja wanasubiri. Nikamuuliza mjomba si imenyooka hii? Akanijibu, imenyooka leo.

Sikuelewa kwa karibu miaka ishirini.

Nilipokuja Dar nikazunguka gereji hizi na zile mpaka nikaingia kwenye karakana moja ya kuunganisha baiskeli za umeme. Jina silitaji, bado nina watu wangu pale na sitaki kuwatilia mchanga kitumbua chao. Mali inakuja kwenye kontena ikiwa vipande vipande, fremu imeshachomelewa na kupakwa rangi huko huko ilikotoka, mota ziko kwenye maboksi yake, ringi zimefungwa kumi kumi, spoku kwenye vifurushi kama njiti za mishikaki. Kwa asiyejua, baiskeli nyingi za aina hii mota yake imekaa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, lile dude la mviringo kama sufuria ya wali. Kwa hiyo spoku za hapo kazi yake sio kubeba mtu tu, kila kijana akifungua moto mota inazivuta, na mota yenyewe ina kilo zake tatu nne, zingine zinafika sita, halafu nyuma kuna boksi la chakula cha watu na matuta ya Dar unayajua mwenyewe Mhariri.

Kingine, habu ikiwa kubwa spoku inakuwa fupi, na inaingia kwenye ringi imekaa upande upande, inajikunja pale kwenye nipeli, kile kinati kidogo kinachoishika spoku kwenye ringi. Baiskeli ya kawaida unasuka spoku ikipishana na wenzake watatu, imezoeleka hivyo. Hii ya mota ukilazimisha tatu kwenye ringi ndogo unaitesa spoku bure, inabidi upishanishe mmoja au wawili kutegemea na ringi. Spoku 36 gurudumu moja. Kijana mpya anaweza kusuka vizuri kabisa akakosea tundu moja la mwanzo na zote 35 zikafuata kosa lake.

Mwanzo tulikuwa mafundi wanne, tunasuka na kunyoosha kwa mkono, gurudumu la mota mi lilikuwa linanichukua kama dakika 40 nikiwa sina wa kunipigisha stori. Malipo kwa kipande, gurudumu moja hela yake. Oda zikaongezeka, mashine ikaja. Mashine ya kunyoosha ringi. Unalibana gurudumu kwenye ekseli, linazungushwa, vihisio vinasoma ringi imekwenda kulia au kushoto, imepanda au imeshuka, bisibisi zake zinakaza na kulegeza nipeli zenyewe mpaka kioo kinaandika sawa, dakika nne hazifiki. Niseme ukweli nilikunja mikono nikaiangalia asubuhi nzima nikaipenda. Kukaza nipeli siku nzima kidole gumba kinakufa ganzi, jioni hata chungwa humenyi, wife anakumenyea.

Kusuka haikuwa inasuka, lakini hiyo sio aibu yake. Hata kwenye viwanda vikubwa vya nje kuchomeka spoku kwenye habu na kuzipishanisha mara nyingi ni mikono ya watu, mashine inapokea pale kwenye kukaza. Kwa hiyo sisi tunasuka, yenyewe inanyoosha, kwenye karatasi ilikuwa ndoa nzuri kabisa.

Tatizo la kwanza lilikuwa dogo na la kijinga. Waya wa mota unatokea ndani ya ekseli yenyewe, upande mmoja, na mashine ilitengenezwa kubana ekseli kavu isiyo na waya. Kijana wa zamu ili apate kubana akawa anaukunja ule waya kwa nguvu anaupitisha pembeni. Ndani ya ule waya kuna nyaya tatu nene za mota na tano nyembamba kama uzi wa kushonea, hizo ndo za sensa zinazoiambia kontrola, kile kisanduku kinachoiamuru mota, kwamba mota imefika wapi. Ukizikunja siku hiyo huoni kitu. Mwezi ukipita mteja anarudi analalamika baiskeli ikianza kuondoka inashtukashtuka, inatetemeka kama ina malaria. Ofisini wakawa wanaandikiana na waliotuuzia mota, meseji zinaenda zinarudi, na sisi tulikuwa tunajua. Dawa ilipatikana kwa fundi wa kukereza vyuma mtaa wa Gerezani, alitukatia bushi yenye mkato pembeni waya upite, hela yenyewe ya chakula cha mchana watu wawili.

La pili ndo lililonifanya nikae niandike barua hii. Spoku zikaanza kukatika. Zinakatikia pale shingoni, inapojikunja kuingia kwenye habu, wiki ya pili wiki ya tatu, na ukiangalia lile gurudumu kadi yake ya mashine imeandikwa sawa. Maneno yakawa mengi, spoku feki, barabara mbovu, vijana wa kupeleka mizigo wanapakia kupita kiasi (hilo la mwisho kweli wanapakia, lakini walikuwa wanapakia hivyo hivyo zamani na spoku zilikuwa hazikatiki). Siku moja jioni watu wameondoka nikachukua gurudumu limetoka kwenye mashine muda huo huo, nikaliweka mapajani, nikapiga kwa kucha. Ting, tung, ting, tak. Mhariri nilikumbuka mwarobaini wa Shinyanga.

Ringi kunyooka ni kitu kimoja na spoku kugawana mzigo ni kitu kingine kabisa. Unaweza kuwa na spoku moja imekazwa mpaka inalia na jirani yake imelegea, zinavutana, ringi inakaa katikati imenyooka vizuri tu, kama wanandoa wasioongea mbele ya wageni. Ile mashine yetu ilikuwa inasoma ringi, haisomi spoku. Zipo zinazosoma mkazo, ila hiyo iliyonunuliwa ilikuwa ya bei ndogo. Ukipanda, gurudumu likizunguka kila spoku inakazwa na kulegea, iliyolegea ndo inacheza zaidi, na chuma kinachochezacheza sehemu moja hukatika, jaribu kukunja na kukunjua waya wa umeme utaona.

Halafu kuna jambo jingine wazee wanalijua bila kulisoma popote. Ukikaza nipeli, spoku nayo inajisokota kidogo kabla nipeli haijazunguka, inabaki na msokoto ndani. Mteja akipanda siku ya kwanza anasikia ting ting ting chini, anafurahi anadhani ni upya, kumbe spoku zinajisokotoa na mkazo unapungua. Fundi wa mkono anajua, anakaza akipitiliza kidogo anarudisha. Na akimaliza upande anazishika mbili mbili kwa viganja viwili anazibana kwa nguvu, gurudumu zima, mpaka zikae kwenye vitanda vyake, ndo anazungusha tena anyooshe upya. Hiyo hatua ya kubana kwa viganja ilikuwa inatuchukua dakika tano sita. Mashine ilipokuja hatua hiyo ikaondoka.

Nani aliiondoa? Hapa ndo naomba wale wazee wawili wa mabishano wanisikilize. Hakuna aliyetoa amri. Mashine ilipofika bei ya gurudumu ilishushwa chini ya nusu, hoja ikiwa kwamba kazi sasa inafanywa na mashine. Kama umelipwa kwa kipande na kipande kimeshuka bei, unafanya nini? Unasuka haraka, unaweka kwenye mashine, unatoa, unaweka lingine. Dakika sita za kubana viganja hazina mtu wa kuzilipa, zikafa zenyewe kimya kimya bila msiba. Hata mi niliziacha, sitaki kujifanya malaika. Nina watoto watatu shule.

Nilimpelekea meneja lile gurudumu. Ni kijana, amesoma, wengine wangeniambia rudi kazini mzee, yeye alivuta stuli. Nikampigia spoku akasikia. Akaagiza kipimo cha mkazo, kile cha kushika mkononi unakibana kwenye spoku kinakupa namba. Tulipima magurudumu yaliyokuwa yanasubiri kufungwa, kwenye gurudumu moja upande ule ule mmoja unakuta spoku ina mkazo karibu mara mbili ya jirani yake. Basi tukapanga upya, mtu anasuka, mashine inakaza mpaka karibu na mwisho, gurudumu linatoka linabanwa kwa viganja, linarudi kwenye mashine, mwisho mtu anapita na kipimo na kucha. Gurudumu likawa linakaa mezani muda mrefu kuliko mashine ilipofika mwanzo, lakini mfupi sana kuliko dakika zangu 40. Spoku za kukatika zikawa za kuhesabu.

Ila bei ya kipande haikurudi ilipokuwa. Iliongezwa kidogo baada ya maneno, kidogo sana. Wawili kati yetu wanne wakaondoka, mi nikawa wa tatu.

Sasa nisionekane nimekuja kusifia mikono, maana kwenye meza ya betri mjinga nilikuwa mimi. Pale betri zilikuwa zinapangwa wenyewe kutoka kwenye vile vijibetri vya duara vya 18650, upana milimita 18 urefu 65, vimefanana na betri za tochi. Betri ya volti 48 ni makundi 13 yaliyofuatana kama mabehewa, kila kundi likijaa linafika volti 4.2, jumla 54.6. Nilikuwa naona wanachukua kijibetri kimoja kimoja wanakipima kwenye mashine, volti, ukinzani wa ndani, wanakipanga kwenye trei yake, mamia kwa mamia. Nikapita siku moja nikasema hawa wanachezea muda, vyote vipya, kontena moja, rangi moja. Dada mmoja wa meza hiyo, mdogo kwangu miaka kumi na kitu, akanipa viwili akaniambia kaka wewe si una mikono, niambie kibovu kipi. Nikavipima uzito. Nikavitikisa. Nikanusa kabisa. Akavichukua akaviweka kwenye mashine, kimoja ukinzani wake karibu mara mbili ya mwenzake. Meza nzima ilicheka, na walikuwa na haki.

Kijibetri dhaifu kikiingia kwenye kundi, kundi lile linaisha mapema kuliko mengine, na ile bodi ya kulinda betri ikiona kundi moja limefika chini inakata umeme wote. Kijana yuko Ubungo na mzigo wa mtu, betri inamwonyesha chaji ipo, baiskeli imezima. Mkono hauwezi kuliona hilo hata uwe mkono wa nani. Na kule kuchomelea vipande vya nikeli juu ya vijibetri ni hivyo hivyo, mashine inapiga nukta kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, joto halipati nafasi ya kushuka ndani. Mafundi wetu wa mtaani wanaotumia lehemu wanakishikilia kijibetri kwenye joto sekunde nzima au zaidi, wanakipika, halafu kinaenda kuchajiwa usiku chumbani kwa mtu. New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto wa betri za lithiamu, na mji ule mwaka huo huo ukapitisha sheria kwamba baiskeli ya umeme isiuzwe bila kupimwa kwa kiwango cha UL 2849, kipimo cha usalama cha Marekani cha umeme wa baiskeli hizi. Hilo mi naliunga mkono kwa mikono yote miwili.

Lakini hata kwenye meza ile kuna mkono. Kichwa cha upande wa chanya kila kijibetri kinavalishwa kipete cha karatasi ya kuhami, chembamba, na kikichanika hata nywele moja nikeli inaweza kugusa pasipotakiwa. Mashine yao ilikuwa haioni. Yule dada anapitisha ncha ya kidole juu ya trei nzima taratibu macho yanaangalia pembeni, anasimama, anarudi nyuma kimoja, anakitoa. Nilimwona akifanya hivyo nikamheshimu kama fundi, si kama msichana wa betri kama tulivyokuwa tunawaita, na naomba radhi kwa hilo.

La toki renchi nalipita haraka ingawa lilileta ugomvi mkubwa kuliko yote. Ekseli ya mota ina ubapa pande mbili inakaa kwenye masikio ya fremu, nati ikilegea mota ikivuta ekseli inazunguka yenyewe, inakata waya, inapasua masikio, fremu imekufa. Tukapewa zile spana zinazolia ka! zikifika kipimo, nyutoni mita 40. Mafundi wazima walikasirika, mtu amekaza nati kwa miaka 25 unampa spana ya kumwambia basi. Mi nilikuwa wa kwanza kukasirika. Meneja akaniambia kaza kumi kwa mkono asubuhi na kumi jioni tuzipime. Asubuhi nilikuwa naizunguka 40 kwa karibu sana nikatamba mpaka saa sita mchana. Jioni nilikuwa na nati ya 31 na nati ya 52. Mkono unachoka, spana haichoki, tukaacha kubishana. Ila nani anaangalia kama ile washa yenye jino imeingia upande wake, jino ndani ya sikio la fremu? Mtu. Spana inalia ka! hata washa ikiwa imegeuzwa, haina habari.

Na waya wa mota kabla haujapanda kwenye fremu lazima uachiwe tumbo lining'inie chini kidogo, mvua ya masika ikitiririka kwenye waya idondokee kwenye lile tumbo isiingie kwenye ekseli. Picha ya waliotuuzia ilikuwa inaonyesha waya umevutwa ukanyooka vizuri na kufungwa, inapendeza, na mota zikarudi na maji ya kikombe kizima ndani. Hakuna mashine ya kufunga tumbo la waya. Mzee mmoja wa pale alichora kwa chaki ukutani, tumbo la waya na tone la maji, na ule mchoro nasikia mpaka leo hawajaufuta.

Sasa nimjibu yule wa roboti. Roboti sio uongo, kule Águeda nchini Ureno kuna kiwanda kinachomelea fremu za alumini kwa roboti na fremu ni nzuri, kwa sababu bomba linakuja na kipimo kile kile linakaa pale pale, roboti haishangazwi. Mpe waya laini unaojikunja uone. Elon Musk mwenyewe, tajiri na mpenda roboti kuliko sisi wote, Tesla ilipokwama kutoa magari ya Model 3 mwaka 2018 aliandika hadharani kwamba kuzidisha mashine lilikuwa kosa, na kosa ni lake, na kwamba binadamu wanadharauliwa kuliko thamani yao. Alikuwa na roboti la kuweka mkeka wa nyuzi za kioo juu ya betri, mkeka laini tu, roboti likawa linashindwa kuushika. Wakaliondoa. Baadaye ikaonekana hata mkeka wenyewe hauhitajiki, hilo huwa nalisimulia nikitaka kucheka.

Na nimjibu yule wa ajira. Mzee wangu, mashine haikuniondoa mimi. Ningekuwepo mpaka leo. Sakichi Toyoda kule Japani, mwaka 1924, alitoa mashine ya kufuma nguo iliyokuwa uzi ukikatika inasimama yenyewe, mtu anakuja anaangalia nini kimetokea. Kiwanda cha magari cha ukoo wake, Toyota, kikaendeleza wazo hilo hilo mpaka kwa watu, mfanyakazi yeyote akiona kosa anavuta kamba, msululu mzima unaweza kusimama. Sisi mashine yetu ilikuwa na kitufe chekundu cha kusimamisha, kikubwa kama kifuniko cha soda. Nikikibonyeza kwa sababu nimesikia spoku inalia vibaya, nani ananilipa zile dakika? Fundi wa kipande anayesimamisha mashine anajikata mshahara mwenyewe. Hapo utalaumu mashine?

Kwa hiyo ningeomba wenye karakana hizi, na sasa zinaongezeka maana kila mtu anataka baiskeli ya umeme, wakileta mashine wakae na mafundi wahesabu upya. Mashine ikichukua kukaza nipeli, kinachobaki mkononi ni kile kigumu, kusikia, kupapasa, kukataa gurudumu ambalo kioo kimelikubali. Hiyo ilipwe kwa siku, isilipwe kwa kipande. Na jina la fundi liandikwe kwenye kadi ya baiskeli pamoja na namba ya mashine, mi langu liandikwe sina tatizo. VETA nao kama wananisoma, vijana wanatoka pale wanajua umeme au wanajua kuchomelea, hajafika kwangu hata mmoja anayejua kusoma mkazo wa spoku, na kipimo chenyewe sio kitu cha bei ya gari. TBS wakipima baiskeli hizi wasiishie kwenye betri na chaja. Wazungushe gurudumu.

Sasa hivi nina kibanda changu hapa karibu na reli, baiskeli za umeme zinaletwa sita saba kwa wiki, nyingi gurudumu la nyuma, na nyingi zimeunganishwa humu humu nchini. Nimenunua kipimo cha mkazo, toki renchi ya mtumba ninayo, mashine ya kunyoosha sina na nikipata hela nitanunua, najua kabisa nitakachoiachia na nitakachobaki nacho.

Na nimeona mwandishi wako yule wa safu ya Jumamosi ameandika baiskeli yake mpya ya umeme inalia tik tik tik akipanda mlima, amepeleka mara mbili wamebadilisha mota. Mwambie aje nayo kabla hajalipia mota ya tatu. Asioshe, aje nayo hivyo hivyo ilivyo.

Wako,
Fundi wa Buguruni,
Dar es Salaam